Tusiombe daraja tu, tuombe mpango: maneno kwa vijana wa Kimanga

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartie Kimanga, mji wa Uvira, mwaka 2024. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale waliofika wakakaa mbali wasisikie vizuri.

Tunajua kila siku hapa ni siku ya kutafuta, na mtu anayeacha kutafuta kwake saa mbili nzima ametoa kitu. Tutajaribu kuwa wafupi, lakini hatutoi ahadi, juu leo tunaongea bajeti, na bajeti ni kitu wakubwa wanapenda kukiongea kwa Kifaransa kigumu ili siye tuchoke mapema na kurudi nyumbani. Leo tutaiongea kwa Kiswahili chetu hiki.

Kila mtu hapa anakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4, mwaka 2020. Mvua ilinyesha juu mulimani, na Mulongwe ikashuka na mawe, miti na matope. Watu makumi walikufa. Makumi ya elfu walibaki bila nyumba. Mabomba ya maji yakang'olewa, na mji uliokuwa umejaa maji kila upande ukakosa maji ya kunywa. Nyuma ya pale likaja ziwa. 2021 Tanganyika ilipanda, ikarudi chini kidogo, na mwaka huu wa 2024 ikapanda tena mpaka ndani ya nyumba za avenyu za chini, mpaka Kalundu kwenye bandari. Wazazi wetu wanatuambia kwamba karibu na mwaka 1964 ziwa lilifanya vilevile. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji yakiwa mengi kuliko mlango, yanatafuta fasi nyingine, na fasi ile ni vyumba vyetu.

Sasa tujiulize siye wenyewe. Kila mara maji yanapokuja, siye vijana tunafanya nini? Tunatoka, tunapiga picha, tunaandika tangazo, tunatembea mpaka mbele ya ofisi. Tunaomba hema. Tunaomba daraja, tunaomba gabioni. Wakubwa wanakuja na jile za rangi, wanasimama kwenye matope, wanaahidi. Miezi sita inapita, kiangazi kinafika, mto unakuwa kijito cha kufulia nguo, na kila mtu anasahau. Mvua ya mwezi wa 10 ikianza, tunaanza upya kama watu ambao hawajawahi kuona maji.

Hatusemi ni vibaya kuomba daraja. Tunasema daraja moja halitoshi kuwa ombi. Kuta za Mulongwe, mifereji ya kutoa maji ya mvua, bomba jipya, barabara, soko lenye paa na choo: hizi zote ni kazi kubwa ambazo haziwezi kutoka kwenye pesa ya mwaka mmoja, na zikijengwa zinatakiwa kudumu miaka 20 au 30. Mji wowote unaotaka kuzifanya unaanza na karatasi. Karatasi ile inataja kazi gani tutafanya miaka mitano inayokuja, fasi gani, kwa bei gani, pesa inatoka wapi, ipi inatangulia na kwa nini inatangulia, na nani ataitunza ikiisha kujengwa. Katika Kongo karatasi hii ina jina lake, unaitwa mpango wa maendeleo wa mtaa, na Wizara ya Mpango iliandika hata kitabu cha kuonyesha jinsi ya kuutengeneza. Karatasi hii ndiyo tunataka kijana wa Kimanga aiulize kwa jina, kama vile anauliza bei ya unga.

Tufafanue kidogo. Bajeti ina pesa ya namna mbili. Kuna pesa ya kula na pesa ya kujenga. Pesa ya kula ni mishahara, mafuta ya gari, karatasi, safari, mapokezi ya wageni. Haikosekani kuwa na kazi yake: mfanyakazi wa mji naye ana watoto, lazima alipwe. Pesa ya kujenga ni ile inayoacha kitu nyuma yake, kitu unaweza kugusa kwa mkono. Ubaya ni huu: pesa ya kula inapiga kelele kila mwisho wa mwezi, pesa ya kujenga inanyamaza. Mtu akikosa mshahara anagoma. Ukuta ukikosa kujengwa, haugomi. Unangoja mwezi wa 4 ndipo unajibu. Kwa hiyo ofisi yoyote isiyofungwa na mpango, pesa ikiwa kidogo, itakula kwanza na kusema itajenga kesho.

Kule Kenya waliona jambo hili wakaliweka ndani ya sheria. Sheria yao ya pesa ya Leta ya mwaka 2012 inasema kila kaunti lazima iweke angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, ukihesabu kwa miaka kadhaa. Tena kila kaunti inatakiwa kuwa na mpango wa miaka mitano. Kuna kaunti ambazo hazifiki pale. Lakini raia wa kule ana namba mkononi: anaweza kusema umetoa 22, sheria inasema 30, nyingine iko wapi? Siye hapa tunabaki kusema "hawafanyi kitu", na mkubwa anajibu "tunafanya", basi maneno yameisha.

Mnaona wale mama pale nyuma wanacheka. Wanacheka juu mambo haya wanayajua. Mama aliye katika AVEC anajua mpango wa pesa kuliko watu wengi wenye diploma. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila juma pesa inahesabiwa mbele ya wote, kila mtu anasikia na masikio yake. Kuna pesa ya mkopo na kuna pesa ya msaada, hazichanganywi. Na hakuna mtu anayeamka asubuhi moja aseme pesa ya kugawana mwisho wa mwaka ameitumia kwa safari. Jaribu uone. Basi tunachoomba kwa mji ni kitu kile kile: sanduku lenye kufuli, daftari linalosomwa kwa sauti. Hatuombi ajabu.

Sasa pesa inatoka wapi? Hapa mutusikilize vizuri, ndiyo sehemu wengi wanadanganywa.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, mwaka 2006, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na majimbo yanaibakisha palepale inapoingia, bila kungoja Kinshasa iitume. Tena sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10, mwaka 2008, ile inayopanga miji, komine, sekta na shefri, inasema katika ile sehemu ya majimbo, asilimia 40 ni ya hizo miji, komine, sekta na shefri. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Taifa limeingiza franka 100. Jimbo, 40. Katika ile 40, jimbo linabaki na 24, na 16 zinashuka chini: zinagawanywa kati ya mji wa Uvira, mji wa Bukavu, shefri ya Bavira, shefri ya Bafuliiru, na wenzao wote wa jimbo. Wanaangalia wingi wa watu, ukubwa wa fasi na uwezo wa kuzalisha. Nje ya pale kuna franka nyingine 10 katika kila 100, Katiba inaziweka katika Kasha ya taifa ya usawazishaji, na inasema wazi kazi yake: kulipia miradi ya kujenga, ili majimbo na miji iliyobaki nyuma isogee mbele. Pesa ya kujenga, imeandikwa ndani ya Katiba! Lakini sheria ya kupanga ile kasha ilipatikana 2016 tu. Miaka 10 nzima.

Na ile 40 haijawahi kubakishwa majimboni kama Katiba inavyosema. Kinachofanyika ni pesa yote kupanda Kinshasa, na kisha Kinshasa inarudisha sehemu, wakati inapoona vizuri, kiasi inachoona vizuri. Wanaita rudisho. Mtu anayengoja rudisho hawezi kupanga. Ni kama baba anayepewa posho bila kujua siku wala kiasi: hawezi kujenga nyumba, anaweza tu kununua mkate. Kwa hiyo tukiwa wakali kwa ofisi ya mji, na tuwe wakali, tusisahau kwamba nusu ya kesi hii iko Kinshasa na nyingine iko kwa jimbo. Mbunge wa Uvira anayekuja kuomba kura akiwa na fulana na sukari, mumuulize: ile 40, ulisimama siku gani kuidai? Akianza kuzunguka, mumrudishie sukari. Kama mnaweza.

Kisha kuna pesa yetu wenyewe. Motari analipa. Mama wa soko analipa tiketi kila siku anapotandika mboga. Mwenye duka, mwenye pirogi, mwenye nyumba ya kupangisha, wote wanalipa. Kila mtu hapa ana karatasi ya kitansi mfukoni, na wengine wamelipa bila kupewa karatasi yoyote. Hii pesa ni kidogo kidogo, lakini ni ya kila siku, haingoji ndege kutoka Kinshasa. Swali la raia ni rahisi: katika ile tiketi ya soko, sehemu gani inarudi kwa soko?

Mtauliza: nani anapiga kura juu ya bajeti ya mji wa Uvira? Kwa sheria ile ya 2008, ni baraza la mji. Baraza linatoka kwa washauri wa komine, na washauri wanachaguliwa na siye. Ndilo linajadili barabara za mji, mifereji mikubwa, taa, masoko, usafi. Hata meya alitakiwa achaguliwe na baraza. Lakini uchaguzi ule siye hatujawahi kuuona. Tarehe 20 mwezi wa 12, mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, washauri wa komine walichaguliwa, lakini katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Bukavu walipiga kura. Uvira hapana. Kwa hiyo meya wetu, awe mtu mzuri au mbaya, anateuliwa kutoka juu, na bajeti yake haina mtu wa chini aliyechaguliwa wa kuisoma na kusema hapana. Kijana wa Kimanga anapiga kura kwa rais, kwa mbunge wa taifa, kwa mbunge wa jimbo, lakini kwa mtu wa mfereji ulio mbele ya nyumba yake, hapigi. Huu ndio upungufu mkubwa kuliko yote, na tunaomba tusiuzoee.

Halafu kuna ule mchezo wa "si yangu". Barabara kubwa inayopita katikati ya mji wetu kutoka Bukavu kwenda Baraka na Fizi ni barabara ya taifa namba 5, hiyo ni ya Ofisi ya Barabara, na kuna mfuko wa taifa, FONER, unaokata pesa juu ya mafuta ya gari kwa ajili ya matengenezo. Barabara za ndani na mifereji, kuna OVD. Maji ni REGIDESO. Umeme ni SNEL. Mto ni wa nani? Sasa chukueni kanivo moja inayotoka kartie, inapita chini ya barabara ya taifa, inaelekea ziwani, na bomba la maji limelala pembeni yake. Wenye kuihusu ni wanne, na ikiziba hakuna hata mmoja. Hapa tena mpango ndio dawa, juu mpango unawaketisha wote wanne kwenye meza moja kabla ya mvua, unaandika nani anafanya nini na mwaka gani. Bila hiyo, huyu anamwaga lami mwezi wa 7 na yule anaikata mwezi wa 9 kupitisha bomba. Msicheke, mmeyaona.

Na tusijidanganye na salongo. Salongo ni nzuri, tutaendelea kuifanya, kanivo za avenyu ni zetu na taka zile ni zetu. Lakini hakuna salongo itakayotoa mawe ya Mulongwe kwa sepetu. Kuna watu wanapenda kutupa salongo kila tunapouliza bajeti, kama mtu anayekupa fagio wakati umemwomba ufunguo.

Tuje kwa maji ya kunywa, hapo mji wetu una ushahidi ambao miji mingi haina. Uvira na kipindupindu wanajuana zamani. Wachunguzi wa chuo cha London cha mambo ya afya walikuja wakachukua daftari za hospitali za miaka 2009 hadi 2014 na daftari za kiasi cha maji yaliyotoka REGIDESO kila siku, wakaziweka pamoja. Walitoa majibu 2015. Siku maji ya robine yanapokatika kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaofikiriwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na wakati maji yanatoka vizuri. Na karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile, sababu yake ilikuwa maji ya robine kutotosha. Robo! Kila wagonjwa wanne waliobebwa kwenye mgongo au kwenye moto usiku, mmoja asingebebwa kama bomba lingefanya kazi. Mama anayetuma mtoto ziwani na bidoni saa kumi na moja asubuhi hakosi akili wala usafi. Amekosa robine, basi.

Kutokana na mambo haya kazi ilifanyika kweli: kuongeza mabomba, matangi na robine za watu wote, kwa pesa ya shirika la maendeleo la Ufaransa, ya Umoja wa Ulaya na ya Fondation Veolia, pamoja na REGIDESO. Tunashukuru, na atakayebeza aende akapige foleni ziwani. Lakini tazameni kilichotokea 2020: kazi ya maji ikiwa inaendelea, mto ukashuka na kuharibu mfumo wa maji, juu maji yetu yanachotwa kwenye Mulongwe ileile ambayo haina kuta. Bomba ni mradi wa mmoja, mto ni mradi wa mwingine, mulima unaokatwa miti si mradi wa mtu. Pampu nazo zinataka umeme, na umeme ukikatika, mmesikia hesabu ya siku 12. Ukiwa na mpango mmoja, unaona kwamba kuta za mto zinatangulia, au zinakwenda pamoja na bomba. Ukiwa na miradi kumi yenye vibao kumi, kila mwenye kibao anaandika ripoti nzuri ya kazi yake na mji unabaki palepale. Na wafadhili tusiwalaumu sana kwa hilo. Mgeni akikuta nyumba haina mpangilio, anaweka kiti pale anapoona yeye.

Kuna mtu alituuliza wiki iliyopita: hiyo mambo ya raia kuchagua kazi za kujengwa, si ya Wazungu? Ndugu, ilianza Brazil, mji wa Porto Alegre, 1989, kwa watu wa mitaa ya shida kama yetu. Na si lazima kwenda Brazil. Jimbo letu hili, Kivu ya Kusini, lilikuwa la mbele katika Kongo nzima. Kutoka 2010 hivi, komine za Bukavu kama Ibanda na Bagira, na shefri kama Ngweshe na Luhwinja, zilifanya bajeti shirikishi. Benki ya Dunia ilisaidia, na simu ya mkono ndiyo ilikuwa chombo: raia alipata ujumbe wa kumwita kwenye mkutano, alipata ujumbe wa kumwambia kazi gani ilishinda kura, kisha aliulizwa kama kazi ile imefanyika. Si simu kubwa ya picha, ile ya tochi. Na waliona kitu wakubwa hawakutegemea: fasi watu walipoona pesa yao imejenga kitu walichokichagua, walianza kulipa kodi vizuri zaidi. Mtu hachukii kulipa, anachukia kuibiwa.

Lakini tuseme na upande wa pili. Kura ya raia juu ya pesa ambayo haifiki inachosha watu haraka kuliko kutokupiga kura. Ukiwaita watu wachague choo cha soko, wakachagua, na rudisho likakosa, mwaka unaofuata hawaji. Ndiyo maana hatutaki mkutano wa picha. Tunataka kwanza tujue kiasi gani kipo kweli, hata kama ni kidogo cha kuaibisha, kisha tuchague ndani ya kile.

Na pesa ikiwa kidogo, mji unafanya nini? Tutoe mfano tu, namba za kujifunzia. Tuseme ukuta wa sehemu moja ya mto ni dola 500,000, na mji unaweza kuweka kando dola 50,000 kwa mwaka. Kuna njia ya kungoja miaka 10 ukiweka akiba. Kuna njia ya kukata ukuta vipande, uanze pale maji yanapovunja kwanza. Kuna njia ya kwenda kwa jimbo, kwa kasha ya usawazishaji, kwa mfadhili, ukiwa na karatasi inayosema: siye tunaweka 50,000 kila mwaka, nyinyi mnaweka ngapi? Mtu mwenye pesa anamsikiliza tofauti yule aliyeweka yake kwanza. Na kuna njia ya kukopa.

Kukopa kunaogopesha, na ni haki kuogopa. Lakini sikilizeni habari ya Tanga, kule Tanzania pwani ya bahari. Mamlaka yao ya maji, mwaka huu 2024, iliuza hatifungani, yaani karatasi za deni, za shilingi za Tanzania bilioni 53 na kidogo. Raia, benki na mifuko ya pensheni walinunua, kwa miaka 10, kwa faida ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Pesa inajenga maji, na bili za maji ndizo zinalipa deni polepole. Waliotaka kununua walikuwa wengi kuliko karatasi zilizokuwepo. Kwa nini watu waliamini? Juu daftari za mamlaka ile zilikuwa zimekaguliwa miaka na miaka, bili zilikuwa zinakusanywa, na kila mtu aliona pesa inaingia na inatoka vipi. Uvira haiwezi kufanya hivyo kesho, na mkubwa yeyote atakayekuja kusema "na siye tukope kama Tanga" bila daftari wazi, huyo tumzuie mlangoni. Mkopo bila daftari ni mzigo kwa watoto wetu. Lakini Tanga ni mji wa Waswahili kama siye, si Paris. Walianza na daftari. Na hapahapa kwenye ziwa letu, ng'ambo ile, Kigoma-Ujiji walipata barabara na mifereji katika mpango wa miji ya Tanzania uliolipiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Mwanza, Mbeya, Tanga na mingine. Deni ni la taifa lao, lakini mfereji uko Kigoma.

Tunajua neno ambalo wengine wanalo mdomoni: vita. Mtapangaje miaka mitano wakati hamjui wiki ijayo, bunduki zikisikika mulimani na bondeni Ruzizi? Ni swali la haki, na hatulijibu kwa mzaha, kuna watu hapa wamezika ndugu. Tunasema tu hivi: mto haukusimamisha vita ili upite 2020, na kipindupindu hakiombi kibali. Wakimbizi wanaoingia mjini wanakunywa kwenye robine zilezile. Mji wenye mpango unaweza kuusimamisha siku ya hatari na kuuanza tena pale ulipoachia. Mji usio nao, kila vita inaurudisha sifuri, na kila mtawala mpya anaanza kwa kusema hakukuta kitu ofisini.

Basi kazi ya sasa. Tumeandika barua kwa ofisi ya mji, nakala kwa jimbo na kwa wabunge wetu wa taifa na wa jimbo. Haina matusi, muisome kabla ya kutia saini. Inauliza mambo machache. Bajeti ya mwaka huu na ya mwaka unaokuja ibandikwe kwenye ofisi za kartie zote, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, pesa ya kula upande huu, pesa ya kujenga upande huu. Mpango wa miaka mitano, kama upo uonyeshwe, na kama haupo tuambiwe siku gani kazi ya kuutengeneza itaanza na siye tutaketi wapi ndani yake. Rudisho likifika, litangazwe redioni: tarehe na kiasi. Na kila kazi inayojengwa iandikwe nani ataitunza na kwa pesa gani, juu gabioni isiyotunzwa waya wake unakula kutu, mawe yanatoka, na yale mawe mto unayatumia kututupia.

Kabla ya barua kwenda, tunataka orodha ya Kimanga iwe tayari, tusiende mikono mitupu. Kila avenyu vijana wawili, kijana mwanamume na kijana mwanamke, watapita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja tu: kazi gani moja kubwa ikifanyika hapa itabadilisha maisha ya nyumba yako? Si tatu, moja. Andikeni pia maji yalifika wapi 2020, 2021 na mwaka huu, mtie alama kwenye ukuta kwa chokaa, na wenye simu za picha wapige picha ile alama. Robine zilizo hai na zilizokufa, mzihesabu. Kanivo zilizoziba, mziandike. Wazee waliokuwepo 1964 mkae nao, muwaulize ziwa lilifika wapi. Wakiondoka bila kuulizwa hakuna ofisi inayotunza habari ile. Msichukue pesa kwa mtu, msiahidi kitu kwa mtu, na mkikutana na chefu wa kartie mumsalimie, mumweleze, naye ni mkaaji kama siye na nyumba yake nayo inaingia maji.

Daftari ziko pale mezani kwa dada zetu wawili. Wa avenyu za chini waje kwanza, halafu walio kando ya mto, halafu wengine. Kila mtu anayechukua daftari aandike jina la avenyu yake juu, na tarehe.